Kisu, Miale na Dawa: Tiba ya Sarkoma katika Barabara ya Kampala na Nairobi

Salgaa imezaliwa na barabara. Iko Rongai, takriban kilomita 30 kutoka mjini Nakuru ukielekea Mau Summit, na mteremko wa Sachangwan uko jirani yake. Malori yanayopakia Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hulala hapo. Wakenya wengi hulijua jina hilo kwa vifo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya mia moja. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiyohiyo, wakafa watu 36.

Barabara hiyohiyo imebeba pia historia ya tiba ambayo haitajwi sana. Anayetoka Kampala kwenda Nairobi kwa njia kuu, awe amevukia Malaba au Busia, hushuka Mau Summit akapita Salgaa. Kwa zaidi ya miaka sitini maarifa ya kutibu saratani katika Afrika Mashariki yamekaa kwenye ncha mbili za barabara hii. Kampala ilikuwa na dawa, Nairobi ikawa na mashine ya miale, na mgonjwa wa katikati, mkulima wa Rongai au dereva aliyelala Salgaa, alilazimika kuzifuata huko ziliko. Nataka kusimulia jinsi dawa, miale na kisu vilivyokutana katika ugonjwa mmoja ambao hauponi vizuri mpaka vikutane: sarkoma ya tishu laini.

Sarkoma ni saratani inayoanzia kwenye nyama na vitu vinavyoishikilia: misuli, mafuta, mishipa ya damu, utando wa neva, kano. Saratani za matiti, shingo ya kizazi na umio huanzia kwenye ngozi za ndani na tezi, nazo ndizo zinazojaza wodi zetu. Sarkoma ni chache, chini ya asilimia moja ya saratani zote za watu wazima, na zimegawanyika katika aina zaidi ya hamsini. Uchache huo ni sehemu ya hatari yake. Daktari wa kituo cha afya anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nayo zaidi ya mara moja mbili, na mgonjwa huja na donge la pajani lisilouma ambalo kila mtu amelidhania kuwa ni mafuta au jipu lililokataa kuiva. Wakati huo seli zake zinaweza kuwa zimeingia kwenye damu na kuelekea mapafuni, maana huko ndiko sarkoma hupenda kwenda.

Simulizi ya Afrika Mashariki inaanzia kwenye ugonjwa uliopewa jina la sarkoma kimakosa. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amwangalie mtoto aliyekuwa amevimba taya pande zote mbili. Burkitt alikuwa Mwairishi aliyepoteza jicho moja akiwa mtoto, mtu wa dini na wa daftari, mwenye mazoea ya kuandika kila alichokiona. Muda mfupi baadaye alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza makala kuhusu sarkoma ya taya za watoto wa Kiafrika. Wanapatholojia walipochunguza zaidi walionyesha kwamba ugonjwa ule ulitoka kwenye seli za limfu, ndiyo maana leo dunia inauita limfoma ya Burkitt.

Kosa lile la jina halikumzuia kuona jambo kubwa zaidi. Kama mpasuaji, Burkitt alikuta kisu hakifai. Uvimbe ulishika taya, tundu la jicho, figo, ovari. Ukiukata hapa unachomoza kule. Kwingineko duniani daktari angempeleka mtoto kwenye mionzi, lakini Uganda haikuwa na mashine ya mionzi hata moja. Kwa hiyo akageukia dawa, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine. Joseph Burchenal na Herbert Oettgen wa taasisi ya Sloan Kettering ya New York walivutiwa na kazi yake, na dawa za methotrexate na cyclophosphamide zikafika Kampala. Watoto waliokuwa na siku chache za kuishi walinywea uvimbe baada ya dozi moja au mbili, na baadhi yao walipona kabisa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo katika hospitali nyingi za Ulaya kumponya mtu saratani kwa dawa peke yake kulionekana kama ndoto. Ninaona ni haki kusema kwamba uhaba wa mashine ndio uliofungua njia hiyo, na kwamba watoto wa Uganda walilipia kwa miili yao maarifa ambayo baadaye yaliwaponya watoto wa kila bara.

Upande wa pili wa barabara, Nairobi, mpasuaji wa masikio, pua na koo aitwaye Peter Clifford alikuwa akipambana na magonjwa yaleyale katika hospitali iliyoitwa King George VI, ambayo baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Clift na Duff, walichapisha katika jarida la Lancet njia ambayo hata leo inashangaza. Dawa za jamii ya gesi ya haradali huua seli za saratani, lakini zikizidi huua pia uboho, yaani kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa. Clifford aliuchota uboho wa mgonjwa kwanza, akauhifadhi, akampa dawa kwa dozi kubwa, kisha akamrudishia uboho wake mwenyewe. Wazo hilo baadaye likawa msingi wa tiba kubwa za saratani za damu. Lilijaribiwa Nairobi mapema hivyo, na mpasuaji, yaani mtu wa kisu aliyeona mipaka ya kisu chake.

Sarkoma yenyewe, ile isiyo na utata wa jina, ilikuwapo Kampala kwa wingi. Mwaka 1872 Moritz Kaposi, daktari wa ngozi wa Vienna, alieleza habari za wagonjwa watano wenye vinundu vya rangi ya zambarau miguuni. Ulaya ulikuwa ugonjwa wa nadra wa wazee. Katika ukanda wa Uganda na mashariki ya Kongo ulikuwa miongoni mwa saratani za kawaida za wanaume, na ndiyo sababu mwaka 1961 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Kampala kuuzungumzia peke yake. Ni sarkoma ya mishipa ya damu. Huanza na kinundu cheusi kwenye unyayo au kifundo, mguu unavimba na kukakamaa, ngozi inapasuka na kutoa harufu. Wengi waliofika wamechelewa walikatwa mguu. Burkitt mwenyewe, kabla jina lake halijafungamana na limfoma, alijishughulisha na utengenezaji wa miguu bandia ya bei nafuu kwa watu wa Uganda, kwa kuwa alijua mkulima asiye na mguu hubaki bila shamba.

Aliyeushika ugonjwa huo kwa karibu ni Sebastian Kyalwazi, mmoja wa wapasuaji wa kwanza Waafrika katika eneo letu. Alikuwa mtu wa kisu aliyeandika juu ya dawa: mwaka 1968 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha makala yake kuhusu kuitibu sarkoma ya Kaposi kwa dawa za saratani. Mwaka mmoja kabla, 1967, Taasisi ya Saratani ya Uganda ilikuwa imefunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ikiongozwa na kijana Mmarekani, John Ziegler. Ilianza na limfoma, kisha mwaka 1969 ikaongeza kituo cha uvimbe mwingine, na hapo sarkoma ya Kaposi ikapata kitanda chake.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na Wamarekani nao wakaondoka. Taasisi ilibaki mikononi mwa Charles Olweny, Mganda, ambaye aliendelea kufanya utafiti wakati dawa zikikatika na wenzake wakitoroka nchi. Mwaka 1974 yeye na wenzake, Kyalwazi na Edward Katongole-Mbidde wakiwemo, walichapisha matokeo ya jaribio la kulinganisha dawa kwa kura: actinomycin-D, vincristine na dawa ya tatu iliyojulikana kifupi kama DTIC. Somo lilikuwa kwamba dawa kadhaa zikipangwa pamoja huishika sarkoma hiyo vizuri kuliko moja ikiachwa peke yake. Ukikumbuka hali ya Kampala mwaka ule, hii ni moja ya kazi za ujasiri katika historia ya tiba ya Afrika, na inasikitisha kwamba majina haya hayafundishwi shuleni.

Nidokeze hapa jambo dogo kuhusu vincristine. Hutolewa kwenye ua la waridi-zambarau ambalo asili yake ni Madagaska, ua ambalo leo limepandwa kwenye nyua nyingi za pwani ya Kenya na Tanzania kama pambo. Actinomycin ilitoka kwenye vijidudu vya udongo, na dawa kuu ya sarkoma hadi leo, doxorubicin, ile nyekundu kama juisi ya rozela, ilipatikana kwa kijidudu cha udongo wa Italia, ndiyo maana jina lake la kwanza la kibiashara, Adriamycin, lilitokana na bahari ya Adria.

Tuache Kampala kidogo, tuone Marekani na Ulaya walikuwa wakihangaika na nini. Tatizo la sarkoma za misuli na mafuta lilikuwa la mpasuaji kwanza. Uvimbe huu unapokua husukuma nyama iliyo pembeni, nyama hiyo ikajikunja na kuwa kama ganda. Mpasuaji akifungua, hukuta donge lililo safi, lenye mpaka, linalobanduka kwa kidole. Hulitoa zima na kumpongeza mgonjwa. Baada ya mwaka donge limerudi palepale, kubwa kuliko la kwanza. Ganda lile ni la uongo: lina seli za saratani ndani yake na nje yake, zimetambaa kama sangari shambani ambayo ukiikata juu unaacha mizizi imejaa chini. Wapasuaji walipoelewa hivyo, jibu lao likawa kukata mbali zaidi, kuondoa msuli mzima toka kano hadi kano, na mara nyingi kuukata mguu wenyewe. Katikati ya karne iliyopita kijana mwenye sarkoma ya paja angeweza kuambiwa mguu uondoke mpaka nyongani. Na hata baada ya hapo, wengi walikufa kwa sababu ya mapafu.

Mionzi ilidharauliwa kwa muda mrefu. Tangu Röntgen agundue eksirei mwaka 1895, madaktari waliitumia kwa kila uvimbe, na sarkoma ikapata sifa ya kuwa haisikii miale. Sifa hiyo ilikuwa nusu kweli. Donge kubwa halikuyeyuka kwa miale, lakini zile seli chache zilizobaki pembeni baada ya donge kutolewa zilikufa. Huko ndiko akili ilikogeukia. Katika hospitali ya MD Anderson mjini Houston madaktari walianza kuondoa uvimbe bila kukata kiungo, kisha wakawapa wagonjwa mionzi. Mwaka 1981 Robert Lindberg alitoa matokeo ya watu wazima 300 waliotibiwa hivyo, na kwa takriban wanne kati ya watano uvimbe haukurudi mahali pake.

Kwa watoto mambo yalikwenda haraka zaidi. Sarkoma ya misuli ya watoto, rabdomiosarkoma, iliwaua watoto wengi waliotibiwa kwa kisu peke yake. Mwaka 1961 Donald Pinkel na John Pickren walipendekeza wazi kwamba mtoto apewe vyote vitatu kwa mpango mmoja: upasuaji, mionzi na dawa. Kuanzia 1972 vikundi vya madaktari wa Marekani viliungana katika utafiti wa pamoja juu ya ugonjwa huo, jaribio moja likifuatia jingine kwa miongo. Idadi ya watoto waliopona ilipanda kutoka takriban robo hadi kiasi cha asilimia 70. Hakukuwa na dawa moja ya ajabu iliyoleta mabadiliko hayo. Yaliletwa na ratiba: dawa kwanza ili donge linywee na seli za mbali ziuawe, kisha kisu, kisha miale mahali palipobaki mashaka, kisha dawa tena.

Swali la watu wazima lilibaki: je, kuuacha mguu si kumhatarisha mgonjwa? Kati ya Mei 1975 na Aprili 1981, Steven Rosenberg na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani waliwachukua watu 43 wenye sarkoma kali za mikono na miguu, wakawagawa kwa kura. Kumi na sita walikatwa kiungo. Ishirini na saba walitolewa uvimbe na kubakiwa na kiungo chao, wakapewa mionzi. Wote walipata dawa baada ya upasuaji, doxorubicin ikiwemo. Kati ya wale 27, wanne uvimbe uliwarudia palepale. Kati ya waliokatwa hakuna hata mmoja. Lakini kwa hesabu ya miaka mitano, waliokuwa hai ni asilimia 83 kwa waliobakiwa na kiungo na 88 kwa waliokatwa, tofauti ambayo watakwimu hawakuiona kuwa na uzito. Mguu uliookolewa haukuwa umenunuliwa kwa uhai. Mwaka 1984 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikaitisha mkutano wa makubaliano juu ya kuhifadhi viungo, na mtindo wa kukata kwanza ukaanza kufa.

Watu 43 ni wachache mno kuamua jambo zito hivyo, na wapo walioupinga utafiti ule. Mimi naona uzito wake uko pengine. Ulionyesha kwamba mpasuaji anaweza kukata kidogo kwa sababu mwenzake wa mionzi yupo, na kwamba wote wawili wanaweza kutulia kwa sababu wa dawa anaziwinda seli zilizokwisha kuondoka. Mmoja wao akikosekana, ujasiri wa wenzake unakuwa hatari.

Yaliyofuata yalikuwa ya kupanga zamu. Mwaka 2002 Brian O'Sullivan na Wakanada wenzake walilinganisha mionzi kabla ya upasuaji, vipindi 25, na mionzi baada yake, vipindi 33. Waliopata kwanza walipata shida ya kidonda kutopona vizuri kwa asilimia 35, wakati waliopata baadaye ni asilimia 17. Lakini dozi ndogo na eneo dogo la mwanzo huwaachia wagonjwa viungo visivyokakamaa miaka ya mbele. Kwa dawa, ukweli ni mchungu zaidi. Mwaka 1997 wataalamu walijumlisha majaribio 14 yenye wagonjwa 1,568 wakakuta kwamba doxorubicin hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa takriban asilimia 10 katika miaka kumi, lakini faida yake kwenye uhai wenyewe ilikuwa ndogo, kama asilimia 4, na haikuthibitika. Ndiyo maana leo dawa hazigawiwi kwa kila mtu mzima mwenye sarkoma. Hupewa zaidi yule mwenye donge kubwa, lililozama, la aina kali, na daktari wa dawa hupima pia moyo wake, kwa kuwa doxorubicin ikizidi kiwango huuchosha moyo usipone.

Sasa turudi kwenye barabara yetu. Mwaka 1968 Hospitali ya Kenyatta ilianza kutoa tiba ya mionzi. Kwa miongo mitano iliyofuata, hicho kilikuwa kituo pekee cha umma cha mionzi nchini Kenya, kuanzia Turkana hadi Lungalunga. Hesabu ni rahisi na ya kikatili. Vipindi 25 hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano mfululizo. Kutoka Salgaa hadi Nairobi ni karibu kilomita 190. Hakuna awezaye kwenda na kurudi kila siku. Mgonjwa alihitaji ndugu wa kumpokea Kayole au Kangemi, nauli, chakula cha wiki tano, na mtu wa kukamua ng'ombe nyumbani. Na kabla ya hapo alihitaji kusubiri zamu yake, miezi mingi, kwani mashine zilikuwa chache na ziliharibika. Sarkoma iliyohitaji mionzi kabla ya kisu haikungojea. Kwa hiyo daktari wa mkoa, akijua hayo yote, alifanya aliloweza: alikata. Wakati Rosenberg alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mguu unaweza kubaki, huku Bonde la Ufa kukata kuliendelea kuwa tiba ya watu wengi, kwa sababu ya umbali na foleni zaidi ya ukosefu wa elimu.

Katikati ya hayo ukimwi ukaingia, ukifuata malori. Job Bwayo na watafiti wenzake wa Nairobi waliwapima madereva wa masafa marefu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakakuta zaidi ya robo yao wana virusi. Vituo vya kulala malori, Salgaa ikiwemo, vikabeba mzigo wa ugonjwa na mzigo wa lawama, ingawa madereva na wanawake wa hapo hawakuileta dunia katika hali ile. Pamoja na virusi, sarkoma ya Kaposi ilibadilika sura. Haikuwa tena ya miguu ya wazee. Ilitokea mdomoni, tumboni, mapafuni, kwa vijana wa kiume na wa kike. Kampala, kufikia mwanzo wa miaka hiyo ya 1990, ilikuwa karibu nusu ya saratani zote za wanaume zilizoandikishwa. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore, mke na mume watafiti wa Marekani, waligundua kirusi kinachoileta, cha jamii ya malengelenge.

Hapo mikono ile mitatu ikahitaji wa nne. Dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo Kenya ilianza kuzitoa bure katika hospitali za serikali mwaka 2006, zikawa sehemu ya tiba ya sarkoma hii: bila hizo, kemo, yaani dawa za saratani, hairudishi kinga, na bila kinga vinundu vinarudi. Kemo nayo haikuwa hiari kwa walioathirika vibaya. Mwaka 2020 Lancet ilichapisha jaribio lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, likionyesha kwamba paclitaxel pamoja na dawa za virusi huizuia Kaposi iliyosambaa vizuri kuliko bleomycin na vincristine, mchanganyiko uliokuwa umezoeleka katika hospitali zetu, au etoposide ya vidonge. Kwa mara nyingine jibu lililowafaa wagonjwa wa dunia lilitoka kwa wagonjwa wa huku.

Tukio moja linaonyesha jinsi nguzo moja ikianguka nyingine zinavyoyumba. Mulago ilipata mashine ya mionzi ya kobalti mwaka 1995. Mwezi Machi 2016 ikaharibika kabisa, na Uganda, nchi iliyoifundisha dunia kutibu saratani kwa dawa, ikabaki bila mionzi. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu Waganda 400 bila malipo. Wengine wengi walijilipia, au walibaki nyumbani. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018.

Kenya nayo ilisonga polepole. Sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani ilipitishwa mwaka 2012. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilifunguliwa mwaka 2019 ikiwa na mionzi yake. Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, mpango wa AMPATH ulioanza na ukimwi ulikua ukawa na kliniki kubwa ya kemo. Serikali ikaichagua Nakuru, pamoja na Mombasa na Garissa, kuwa makao ya vituo vya saratani vya kanda, na mashine ya mionzi ikafika katika hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH. Kwa mgonjwa wa Salgaa hili ni badiliko kubwa kuliko dawa yoyote mpya. Kilomita 30 ni safari ya matatu moja. Anaweza kupanda asubuhi, akapata miale yake ya dakika chache, akarudi kumwagilia sukuma wiki. Vipindi 25 vinawezekana.

Lakini mashine haijui kusoma donge. Kazi ngumu imebaki mwanzoni, katika zahanati na kliniki za kando ya barabara, ambako kisu cha kwanza hushikwa. Donge lililokatwa kwa haraka bila kupimwa humwaga seli kwenye jeraha zima. Mpasuaji wa rufaa atalazimika kukata tena, mapana zaidi, mtu wa mionzi apanue eneo lake, na huenda mguu uliokuwa wa kuokolewa upotee. Utaratibu ulio salama unajulikana na si wa gharama kubwa ukilinganisha na kosa. Picha ya sehemu hiyo ipigwe kwanza, MRI ikipatikana. Kipande kidogo cha nyama kitolewe kwa sindano nene, mahali ambapo mpasuaji wa mwisho atapitisha kisu chake, kipelekwe kwa mpatholojia. Mapafu yachunguzwe. Mtu mwenye vinundu vya zambarau apimwe virusi siku hiyohiyo. Kisha mpasuaji, daktari wa mionzi na daktari wa dawa wakae meza moja kabla yeyote kati yao hajaanza, waandike nani atatangulia.

Gharama bado ni mlima. Bima ya afya ya taifa ina kikomo kwa saratani, na vipindi vya mionzi, kemo na upasuaji wa mtu mmoja hukifikia upesi. Familia humalizia kwa harambee. Kaunti za Bonde la Ufa zinazotenga fedha za barabara na masoko zinaweza kutenga pia nauli na malazi ya wagonjwa wa vipindi hivi, maana anayekatiza katikati kwa kukosa nauli amepoteza fedha zote zilizotangulia.

Kwako msomaji, uwe dereva, mama mboga au mwalimu wa Rongai: donge lililozidi ukubwa wa yai, au linalokua, au lililozama chini ya misuli, au lililorudi baada ya kukatwa, hata kama haliumi, usikubali likatwe na mtu yeyote kabla halijapigwa picha na kutolewa kipande cha kupimwa. Omba barua ya kwenda Nakuru, na uende wiki hiyohiyo.